Jua la Ain Sukhna

Kapteni hakuketi. Aliweka faili juu ya meza ya Inspekta Erinayo Opio, akalikandamiza kwa kiganja.

"Hii kijana amekufa ama ametoroka?" aliuliza. "Mimi nataka jibu moja. Leo, saa kumi na moja."

"Leo, afande?"

"Inspekta iliyokuwa na hii faili mbele yako aliomba wiki moja." Kapteni alivaa kofia yake. "Hayuko tena hapa Kampala."

Akatoka bila kufunga mlango. Opio aliinuka, akaufunga mwenyewe, kisha akafungua faili. Ilikuwa Jumatatu, tarehe nne Aprili 1977, saa mbili na robo asubuhi.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili tu. Ya kwanza ilikuwa simu ya maandishi kutoka Cairo. Ilisema kwamba Ojara, mwanafunzi wa Uganda anayesomea uhandisi kule, alizama baharini siku ya Ijumaa, tarehe 18 Machi, akiwa matembezini mwisho wa wiki huko Ain Sukhna, pwani ya jangwa kwenye Bahari ya Shamu. Mwili haukupatikana. Mwanafunzi mwenzake, Oduor, aliyekuwa naye, alirudishwa nyumbani na mizigo ya marehemu.

Karatasi ya pili ilikuwa kipande cha gazeti la ng'ambo. Kilikuwa na majina arobaini na matatu ya wanajeshi na polisi wa Uganda waliochukuliwa makambini na hawakuonekana tena. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Ojara?*

Walimshuku Ojara kuwa ndiye aliyetoa majina hayo, na Opio alielewa alichotakiwa kufanya. Kama kijana amekufa, orodha ingeishia hapo. Kama yu hai, angetafutwa, na kwa kuwa yeye alikuwa mbali, wangeanza na wa karibu. Mwaka uliopita Opio aliandika ripoti ya kweli kuhusu karani mmoja aliyevuka mpaka. Siku ya tatu alipita nyumbani kwa karani yule akakuta milango wazi na sufuria ya ugali imeungua mekoni.

Alichukua karatasi za maelezo, akashuka chumba cha chini.

Oduor alikuwa amekaa juu ya benchi, mikono katikati ya magoti. Kijana wa Busia, mfupi, wa miaka ishirini na mbili. Alikuwa amerudi nchini wiki moja iliyopita na kukamatwa jana jioni kwa shangazi yake. Uso wake ulikuwa bado mzima, maana Kapteni alikuwa hajamfikia.

"Mlitoka Cairo lini?"

"Alhamisi mchana, afande. Kule siku ya mapumziko ni Ijumaa. Tulipanda basi mpaka Suez, tukalala hapo. Asubuhi tukapata lori la watu wa mafuta hadi Ain Sukhna."

"Kwa nini huko?"

"Ojara alitaka kuona bahari. Alikuwa hajaiona maisha yake yote."

"Kukoje?"

"Jangwa tupu. Mchanga, mawe, halafu maji. Hakuna mti hata mmoja."

"Endelea."

"Tulikula mikate yetu. Alasiri mimi nikalala. Nilipoamka Ojara hayupo, nguo zake ziko pale mchangani, kama hatua thelathini kutoka majini. Nikaita. Nikakimbilia maji. Sikuona kitu. Jua lilikuwa linazama baharini, limenipiga machoni, nikaona mng'ao tu." "Na kwa mguu ule, afande, maji yalimshinda."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto. Aliugua polio utotoni. Alitembea na fimbo."

Opio aliandika neno kwa neno, bila kuharakisha. Halafu akasoma orodha ya vitu vilivyorudi. "Shati. Suruali. Viatu. Taulo. Mkoba. Kamera." Akainua macho. "Na fimbo?"

Oduor alitazama sakafu.

"Mtu asiyeweza kutembea bila fimbo," Opio alisema, "anavua nguo hatua thelathini kutoka majini. Anafikaje kwenye maji?"

"Na fimbo yake."

"Basi ingebaki ukingoni."

"Labda maji yaliichukua."

"Labda." Opio akaigeuza kamera kiganjani. "Filamu iko wapi?"

"Sijui, afande."

Opio akachomoa kutoka kwenye bahasha ya vitu vya mfukoni kijikaratasi cha rangi ya waridi chenye namba na muhuri. Studio ya Kakule, Kabalagala. Oduor alikitazama, kisha akageuza uso ukutani.

Njiani kuelekea Kabalagala, Opio alikuwa na jambo moja tu kichwani: kijana huyu amemuua mwenzake. Hakuna aliyewaona pamoja, hakuna mwili, shahidi ni mmoja, na anadanganya kuhusu filamu. Mambo mangapi yanaweza kutokea kati ya vijana wawili kwenye pwani isiyo na watu? Kama ni hivyo, ripoti ingekuwa rahisi. Kapteni angepata maiti yake, na Oduor angenyongwa.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya baa iliyokuwa bado haijafunguliwa. Kakule, Mkongomani wa Butembo mwenye vidole vilivyogeuzwa rangi na dawa, alitazama kijikaratasi, kisha akatazama viatu vya Opio.

"Picha iko tayari tangu Ijumaa, muzee. Kijana alisema atarudia, hakukuya."

"Zilete zote. Na filamu yenyewe."

Kakule alizipanga juu ya meza. Bweni. Vijana wanacheka kwenye daraja. Mtaa wa Cairo. Milima ya mawe matupu. Meli zimepanga foleni mbali baharini.

"Hizi zingine naelewa," Kakule alisema. "Hii ya mwisho ndiyo ilinishangaza. Nani anapigaka picha ya manguo?"

Opio aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Shati, suruali na taulo vilikuwa vimekunjwa vizuri juu ya mchanga, viatu kando. Nyuma yake ilikuwa bahari. Na kutoka chini ya picha, kivuli kirefu cha aliyeshika kamera kilikuwa kimelala juu ya mchanga kuelekea majini.

Alikitazama kivuli kile kwa muda mrefu.

Kwanza, kilielekea majini. Basi jua lilikuwa nyuma ya mpiga picha, upande wa nchi kavu. Alasiri ile jua lilikuwa linaelekea milimani, siyo baharini. Oduor hakupigwa machoni na jua lolote. Hakuwahi kufika pale.

Pili, kivuli kilikuwa na miguu mitatu. Miwili ya mtu, na wa tatu mwembamba, ulionyooka. Fimbo.

Ojara alikuwa amezivua nguo zake, akazikunja, akavaa nyingine, akazipiga picha mwenyewe.

"Umemwonyesha nani?" Opio aliuliza.

"Sikuonyesha mutu."

"Ukiulizwa?"

Kakule alifuta mikono kwenye aproni. "Muzee, mimi niko mugeni katika hii inchi. Nikionaka picha, naona mwanga na giza, basi."

Opio alitia picha na filamu mfukoni. Kijikaratasi cha rangi ya waridi alikichana vipande vidogo, akavidumbukiza kwenye beseni la dawa.

Kutoka hapo mpaka Kisugu alikwenda kwa miguu. Gari la polisi aliliacha mbele ya baa.

Aloyo, mama yake Ojara, alikaa kwenye chumba cha mwisho cha safu ya vyumba vya kupanga. Opio alimkuta mlangoni, juu ya mkeka, akichambua majani ya kunde. Hapakuwa na wanawake waliokuja kukesha. Hapakuwa na moto wa matanga uani. Redio ya jirani ilikuwa ikicheza muziki.

Alimwamkia kwa lugha ya kwao Tororo, ambayo haiko mbali na Kiacholi. Mama akashtuka, akamjibu kwa Kiacholi, na tangu hapo kila mmoja akasema kwa lugha yake.

"Mama Ojara, naitwa Opio. Mimi ni polisi. Nimekuja kuhusu msiba."

"Karibu."

"Msiba wenyewe uko wapi?"

Aloyo aliendelea kuvunja mashina. "Mwili haujaja. Nitakaa matanga ya nini?"

"Oduor alifika hapa?"

"Alifika. Alileta pole."

"Pole tu?"

Mkono wake ulikwenda kifuani, ukarudi haraka kwenye majani. Opio hakuuliza tena. Aliweka picha juu ya mkeka.

Mama alizitazama nguo bila kubadilika uso. Kisha jicho lake likafuata kivuli, likafika kwenye ule mguu wa tatu, akauwekea kidole. Akatabasamu.

Lilikuwa tabasamu la kitambo kidogo tu. Opio aliliona, na Aloyo akaona kwamba limeonekana. Akainama tena juu ya majani.

"Nipe barua, mama," Opio alisema kwa sauti ya chini.

"Utaipeleka wapi?"

"Kama ningetaka kuipeleka, ningekuja na askari."

Aloyo aliweka majani chini. Halafu akaingiza mkono ndani ya gauni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Opio aliisoma.

*Mama, nimeiona bahari. Hapa jua hutoka majini asubuhi, na jioni hujificha nyuma ya milima ya mawe iliyo mgongoni mwetu. Saa kumi na moja haijafika, mchanga wote ni kivuli na baridi inaanza. Meli zinangoja zamu kuingia mfereji. Nimezihesabu kumi na moja. Watu watakuambia nimekufa. Wewe utajua. Usinijibu, usiniulizie kwa mtu yeyote. Nayaandika majina ili yasipotee, na la baba ndilo nililoandika la kwanza. Oduor hajui haya niliyoandika humu. Hajaja na mimi, ananingoja Suez. Mpe chakula akifika.*

Opio alirudia mistari kuhusu jua mara mbili, kisha akairudisha.

"Iko sigiri yenye moto?"

"Ipo."

"Ichome. Na hii." Akamkabidhi picha na filamu.

"Ni maneno yake ya mwisho kwangu."

"Najua."

"Hujui." Lakini aliingia ndani. Opio alisubiri mlangoni mpaka aliposikia harufu kali ya filamu ikiungua. Aloyo alirudi akakaa palepale, mikono mitupu.

"Sasa sikiliza," Opio alisema. "Leo nitaandika kwamba Ojara amezama. Lakini karatasi yangu haitatosha. Atapita mtu hapa, leo au kesho, kuangalia. Akimkuta mama wa marehemu anachambua mboga, huku redio inaimba, yote yamekwisha. Mwanao atatafutwa kila bandari. Na wewe hutalala hapa."

"Unataka nilie."

"Lia watu wasikie. Weka moto. Waite majirani."

Aloyo akatikisa kichwa. "Kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Sifanyi."

"Mama..."

"Baba yake alikuwa sajini. Walimchukua mwaka sabini na mbili, kambini, mchana, mbele yangu. Nilipoanza kulia, ofisa akaja akaniambia mumeo amehamishiwa Moroto, ukimlilia unaitukana serikali. Nikanyamaza. Miaka mitano nimenyamaza. Sasa wewe unakuja kuniamuru nimlilie mwanangu mzima." Alimkazia macho. "Nyie watu mnataka nini na machozi yangu?"

Opio alitazama saa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

"Jioni," alisema. "Baada ya saa kumi na moja." Akaondoka.

Alipofika chumba cha chini, alimwondoa askari wa zamu, akafunga mlango, akaweka karatasi mpya mbele ya Oduor.

"Haya ni maelezo yako ya asubuhi. Hujayatia saini bado. Utayaandika upya, kwa mkono wako."

"Nimekosea nini, afande?"

"Jua."

Oduor hakuelewa.

"Pwani ile inatazama mashariki. Jua haliwezi kuzama baharini. Linazama nyuma ya milima, mapema, kabla ya saa kumi na moja, na mchanga wote unakuwa kivuli. Nyuma yako milima ya mawe. Mbele yako maji, na meli zimepanga foleni kungoja mfereji. Unaziona?"

Kijana alifunika uso kwa viganja. Machozi yalianza kumtiririka bila sauti.

"Mimi sikufika," alinong'ona. "Nilimpokea Suez jioni, akanipa mkoba, akapanda—"

"Usiniambie alipanda nini! Nisichokijua hakiwezi kunitoka." Opio alimsukumia kalamu. "Fimbo. Aliingia nayo majini. Uliiona?"

"Niliiona... inaelea mbali."

"Ulifanya nini?"

"Sijui kuogelea."

"Kweli hujui?"

"Kweli, afande."

"Vizuri. Ukweli huo mmoja uushike, utakusaidia kusema mengine. Andika."

Oduor aliandika. Opio akamuuliza tena toka mwanzo, upesi upesi, akirukaruka kutoka swali hadi swali, mpaka majibu yakawa yanatoka yenyewe. Yale maelezo ya asubuhi aliyakunja akayatia ndani ya soksi. Ilikuwa saa kumi na nusu mlango ulipopigwa teke.

Kapteni alikuwa amewahi.

Alichukua karatasi bila salamu, akaisoma akiwa amesimama, akifuata mistari kwa kidole gumba. Alipofika mwisho akakitazama kidole. Kilikuwa na wino.

"Bado mbichi."

"Ametia saini sasa hivi, afande," Opio alisema. "Nimemhoji tangu asubuhi."

Kapteni alifuta kidole kwenye bega la shati la Oduor, taratibu. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakigusana.

"Mimi nilikaa Misri mwaka mzima," alisema. "Kozi ya vifaru. Ijumaa tulikuwa nakwenda hapo Ain Sukhna kuoga." Akatabasamu. "Wewe kijana. Jioni, jua nakwenda wapi?"

Opio alikuwa amesimama nyuma ya Kapteni. Hakuthubutu hata kubadili mguu.

"Nyuma ya milima, afande," Oduor alisema. "Mapema. Saa kumi na moja haijafika."

"Na mbele?"

"Meli. Zilikuwa kumi na kitu, zinangoja mfereji."

"Kwa nini hapana ingia maji kusaidia rafiki yako?"

"Sijui kuogelea, afande." Sauti ilimkatika, na haikuwa ya kujifanya. "Nilisimama tu. Niliona fimbo inakwenda, nikasimama tu."

Kapteni aliegemea kiti. Halafu akageuza shingo.

"Inspekta. Wewe nasadiki?"

"Nimeweka saini yangu chini ya yake, afande."

"Sikuuliza saini."

"Nasadiki."

Kapteni akainuka, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Opio alianza kuvuta pumzi.

"Mwanafunzi nasoma vitabu, najua kupanga maneno," Kapteni alisema. "Mama hapana jua. Twende kwa mama yake. Wewe nakuja na mimi."

Gari la Kapteni lilikuwa jeupe, bila namba za mbele. Walipita Nsambya bila kusemezana. Dereva hakuhitaji kuelekezwa njia, na Opio akaelewa kwamba nyumba ile walikuwa wanaijua siku nyingi. Alitazama barabarani. Watu waliliona gari kwa mbali, wakaacha kuongea, wakatazama kwingine.

Kwenye kona ya Kisugu, Kapteni alimgonga dereva begani. "Zima."

Injini ikanyamaza. Kapteni alishusha kioo, akatoa kiwiko nje, akasikiliza. Mbwa alibweka. Mahali fulani mtu alikuwa anapasua kuni.

Kisha, kutoka mwisho wa safu ya vyumba, ukatoka ukelele mmoja mrefu, mkali, uliopanda na kuvunjika. Ukafuatwa na mwingine. Sauti za wanawake wengine zikaudaka.

Kapteni alishuka. Opio akamfuata.

Moto ulikuwa umewashwa katikati ya ua. Wanawake wapatao kumi walikuwa wamekaa chini, wengine wakikimbilia kutoka vyumba vya jirani, khanga zikiwa zimefungwa viunoni. Aloyo alikuwa ameanguka kifudifudi juu ya udongo. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimetupwa mbali. Alipiga ardhi kwa viganja vyote viwili, akajiinua, akaita, akaanguka tena. Wanawake wawili walijaribu kumshika wakashindwa.

"Won Ojara!" alilia. "Won Ojara, wamekupeleka wapi? Won Ojara, nani alikufunika?"

Kapteni alisimama kando ya moto. Kiacholi hakukijua. Jina alilisikia.

Opio alisikia neno lililotangulia jina. *Won*. Baba yake. Mama yule hakuwa anamwita mwanawe. Alikuwa anamlilia sajini aliyechukuliwa kambini mchana mbele yake, kwa kilio cha miaka mitano, kelele zote zile alizoamriwa kuzimeza, na hapakuwa na kitu chochote cha uongo ndani yake.

"Nasema nini?" Kapteni aliuliza.

"Anamwita, afande. Anauliza wamempeleka wapi. Anauliza nani alimfunika."

Aloyo aliinua uso. Udongo ulikuwa umemganda kwenye machozi. Alimwona Kapteni, aliona bastola na viatu, wala hakunyamaza. Alimnyooshea mikono yote miwili, akapaza sauti zaidi, na wanawake wote uani wakapaza pamoja naye, mpaka Kapteni akarudi nyuma hatua moja bila kujua.

Alisimama hivyo kidogo. Halafu akavua kofia, akaivaa tena, kama mtu asiyekumbuka utaratibu.

"Ile kijana ya Busia, achia," alimwambia Opio sikioni. "Faili, funga."

Akaenda zake. Gari liliwaka, likarudi kinyumenyume mpaka barabarani, likaondoka.

Mzee mmoja jirani alimsogezea Opio kigoda. Inspekta alikaa pamoja na wanaume waliokuwa wameanza kufika, akaweka mikono juu ya magoti, na hakuna aliyemwuliza yeye ni nani kwa marehemu.